Visawe vya "food" katika Kiingereza: namna ya kuchagua neno linalofaa

Fungua kamusi ya visawe ya Kiingereza, tafuta "food", nawe utamwagiwa msururu: meal, dish, cuisine, fare, grub, chow, nosh, tucker, victuals, provisions, rations, nourishment, sustenance, feed, board. Yote yamepangwa safu moja bila onyo lolote, kana kwamba unaweza kuchomoa lolote ukalipachika popote. Wanafunzi wengi hufanya hivyo hasa. Insha ina "food" mara nne, mwalimu kaandika pembeni kwamba neno limerudiwa mno, basi la pili linageuzwa "victuals" na la tatu "sustenance". Habari ya chakula cha mchana shuleni inaanza kusomeka kama waraka wa nahodha wa merikebu.

Kosa si la kamusi. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyechapisha kamusi mashuhuri ya visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa makundi ya maana na hakuyawekea fasili. Kitabu cha namna hiyo humfaa anayelijua neno tayari ila limemtoka kichwani. Asiyelijua hulazimika kuuliza maswali kabla ya kulitumia, na kwa "food" maswali yenyewe si mengi. Yafuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Malizana na "food", "meal" na "dish"

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo. Kiswahili hutosheka na "chakula" katika sentensi tatu tofauti: chakula kimeisha, tuonane baada ya chakula, chakula ninachokipenda ni samaki wa kukaanga. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno matatu, na hayapokezani kirahisi.

"Food" ni kitu chenyewe kinacholiwa, kibichi au kilichopikwa, kidogo au kingi. "There is no food in the house" maana yake nyumba haina cha kula.

"Meal" ni tukio la kula pamoja na vyote vilivyoliwa katika tukio hilo, yaani mlo. Zamani neno hili lilimaanisha kipimo au wakati uliopangwa, na harufu ya wakati haijalitoka hadi leo. Ndiyo maana watu husema "three meals a day", "after meals", "between meals". Wanaosoma maelekezo ya dawa huliona kila mara: "Take one tablet after meals" ni kumeza kidonge kimoja kila baada ya mlo. Lakini "Take with food" ni maelekezo mengine: si lazima uwe mlo kamili, cha muhimu tumbo lisiwe tupu.

"Dish" ni chakula kilichoandaliwa kwa namna maalumu, chenye jina lake na mapishi yake. Lilianza kama jina la chombo, na hiyo maana ya chombo ingalipo: "wash the dishes" ni kuosha vyombo, si kuosha chakula.

Kuna jaribio jepesi la kuyatenganisha. Ukiweza kuuliza "saa ngapi?", neno ni "meal". Ukiweza kuuliza "kinapikwaje?", neno ni "dish". Yote mawili yakigoma, rudi kwenye "food". Jaribu kwa sentensi hizi:

"My favourite meal is dinner." Dinner ina saa yake.

"My favourite dish is fish curry." Mchuzi wa samaki una mapishi yake.

"My favourite food is fish." Samaki kwa ujumla, apikwe vyovyote.

Mtu akisema "I ate three foods today" akikusudia kwamba amekula mara tatu, msikilizaji ataelewa aina tatu za vyakula. Alipaswa kusema "three meals". Na akisema "This hotel cooks nice meals", hajakosea sarufi, ila sikio la mzawa wa lugha lingependa "nice food" au "nice dishes", maana kinachopikwa ni kitu, na mlo ni tukio.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana mitego miwili ya ziada. Katika lugha ya mitaani "dishi" na "menyu" yamekuwa majina ya chakula chochote. Ukivirudisha vyote viwili kwenye Kiingereza kwa maana hiyo, mambo yanaharibika. "I want dish" haisemeki. "The menu was delicious" husikika, lakini hapo anasifiwa aliyepanga orodha nzima ya vyakula vya siku ile, kwa kuwa "menu" kwanza kabisa ni orodha.

Usishangae pia kukuta "meal" kwenye gunia la unga: "oatmeal", "bone meal", "fish meal". Hilo ni neno jingine lenye asili yake, lenye maana ya kitu kilichosagwa, na limefanana na mwenzake kwa bahati tu.

Hatua ya 2: Uliza kama linahesabika

"Vyakula" ni wingi wa kawaida kabisa katika Kiswahili, kwa hiyo mkono huandika "foods" bila kufikiri. Kiingereza huchukulia "food" kama maji au mchanga: halina moja wala mbili. "Foods" hutokea pale tu unapozungumzia aina, na mara nyingi huja na kivumishi mbele yake: "fried foods", "salty foods", "frozen foods". Daktari atakuambia "Avoid fatty foods". Mwenyeji wako hatakuambia "The foods are on the table", hata kama meza ina sahani ishirini.

Wanaofuata mkondo huo wa kutohesabika ni fare, grub, chow, tucker, produce, fodder, nourishment, sustenance na nutrition. Kundi la pili huja kwa wingi karibu siku zote: groceries, provisions, rations, refreshments, leftovers, victuals. Ukisema "a grocery" umetaja duka, hukutaja kitu ulichonunua.

Ukitaka kuhesabu kisichohesabika, tumia kipimo. "Portion" ni kiasi alichopangiwa mtu mmoja, hasa mgahawani. "Serving" ni kiasi hichohicho ila lina sauti ya maandishi ya kwenye pakiti na ya vitabu vya mapishi: "serves four", "per serving". "Helping" ni la nyumbani, ni kile unachopakua mwenyewe au unachopakuliwa. Ukiongezewa, hiyo ni "a second helping". Kumwambia mwenyeji wako "May I have another portion?" si kosa, ila inakaribia kumgeuza mhudumu.

Halafu kuna "a", kaneno kadogo kanakobadilisha kila kitu. "I ate chicken" ni kula nyama ya kuku. "I ate a chicken" ni kummaliza kuku mzima peke yako. "I like dog" badala ya "I like dogs" imewachekesha watu wengi, kwa sababu bila wingi mnyama anageuka kitoweo.

Hatua ya 3: Uliza anayekula ni nani

"Feed" kama nomino ni chakula cha mifugo: "chicken feed", "cattle feed". Kwa binadamu linabaki kwa watoto wachanga tu, ambapo "a feed" ni unyonyeshaji mmoja au chupa moja ya maziwa: "The baby has a feed every three hours." Mtu mzima akiletewa "feed", ametukanwa. Kama kitenzi lina adabu zaidi, na ni sawa kabisa kusema "She feeds ten children every day." "Chicken feed" pia ni nahau ya pesa kidogo isiyo na maana.

"Fodder" ni malisho ya ng'ombe, farasi na kondoo, hasa nyasi na majani yaliyokaushwa na kuhifadhiwa. "Cannon fodder" ni nahau chungu: askari wanaopelekwa kufa kana kwamba ni lishe ya mizinga. Ukoo wa "food", "feed", "fodder" na hata "foster" ni mmoja. Yote yametoka Kiingereza cha kale. "Foster" lilikuwa na maana ya kulisha kabla halijawa la kulea mtoto wa mwingine.

Swali la nani anakula linakupeleka pia kwenye jambo linalowatatiza wengi: mnyama ana jina moja na nyama yake ina jingine. Cow hutoa beef, calf hutoa veal, sheep hutoa mutton, pig hutoa pork, deer hutoa venison. Majina ya wanyama ni ya Kiingereza cha kale. Majina ya nyama yaliingia kutoka Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hupenda kusimuliwa kwamba wakulima Waingereza walifuga na mabwana Wanormani wakala, basi kila upande ukaacha neno lake. Ni simulizi tamu, ila imenyooshwa kuliko historia yenyewe. Kwa karne kadhaa watu waliweza kuita "beef" hata ng'ombe aliye hai, na mgawanyo tunaoujua leo ulikaa sawa polepole. Kwako wewe inatosha kukumbuka kwamba "I bought two kilos of cow" na "There is a beef in the field" zote zitazua kicheko. Kuku, samaki na mwanakondoo hawakugawanywa: chicken, fish na lamb hubaki hivyo zizini na mezani.

Na "meat"? Leo ni nyama, lakini zamani lilikuwa jina la chakula chochote. Ukisoma tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mwanzo sura ya kwanza, mimea na matunda yanatolewa yawe "meat" kwa binadamu, na msomaji wa leo hukuna kichwa. Methali "One man's meat is another man's poison" imebeba maana hiyo ya kale: kimfaacho mmoja humdhuru mwingine. Haihusu nyama.

Hatua ya 4: Uliza chakula kimefika wapi

Kuna maneno ambayo tofauti yake ni kituo tu. Kikiwa shambani kinaitwa "crop". Kikivunwa na kuletwa sokoni kibichi, hasa matunda na mboga, ni "produce", na mkazo wa sauti uko mwanzoni. Ukiuweka mkazo mwishoni umepata kitenzi, kuzalisha. Kikishanunuliwa pamoja na sabuni na chumvi kwenye mfuko mmoja, ni "groceries". Kabla ya kupikwa, kila kinachoingia chunguni ni "ingredient". Kikipikwa ni "dish", kikiletwa kwa zamu mezani kila zamu ni "course", na kilichobaki ni "leftovers".

"Course" linahitaji tahadhari moja, nayo ni ya "entrée". Uingereza na Australia ni chakula cha kuanzia. Marekani ni chakula kikuu chenyewe. Ukiwa na njaa kali na orodha ya vyakula mkononi, tofauti hiyo si ya kitaaluma tena.

Upande wa akiba kuna "provisions", "supplies" na "rations". "Provisions" ni masurufu: chakula kilichowekwa kwa ajili ya safari, kambi au msimu mgumu. Angalia muktadha, kwa sababu katika sheria "provisions" ni vifungu vyenye masharti. "Supplies" ni pana kuliko chakula. Dawa, mablanketi na mafuta vimo. "Rations" ni posho, chakula kilichopimwa na kugawiwa kila mtu sehemu yake, na hubeba picha ya jeshi, vita au uhaba. Uingereza ilianza mgao wa chakula Januari 1940 na ikaumaliza kabisa Julai 1954, miaka mingi baada ya vita vyenyewe kwisha, kwa hiyo kwa Waingereza wazee neno hili si la vitabuni. Ukiandika "The guests enjoyed their rations" kwenye habari ya harusi, umemwambia msomaji kwamba wenye shughuli walikuwa bahili.

Chakula kikishafika mwilini, tunahamia kwa "nutrition", "nourishment" na "diet". "Nutrition" ni lishe kama elimu na kama utaratibu wa mwili, nalo huandamana na ripoti, mitaala na hospitali. "Nourishment" ni ile nguvu na uzima unaopatikana katika chakula: "The patient needs nourishment." Ni la upole kuliko "nutrition", na linaweza kusemwa hata juu ya roho. "Diet" lina maana mbili ambazo lazima uzitenganishe. "Her diet is poor" inaeleza anavyokula siku zote, kwamba ni lishe duni. "She is on a diet" inaeleza kwamba amejiwekea masharti ya kula ili apungue au apone. Kivumishi chake ni "dietary", na mtaalamu wake ni "dietitian". Na ukikuta habari za Japani zinasema "the Diet passed a law", hiyo ni Bunge lao; mpishi hahusiki.

Hospitalini jifunze pia "nil by mouth", tangazo la Kiingereza cha Uingereza linalowekwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Maana yake asipewe kula wala kunywa chochote. Kulielewa vibaya kunaweza kumletea mgonjwa madhara makubwa.

Hatua ya 5: Pima uzito wa mazungumzo

Kwa anayeandika kazini au shuleni, hii ndiyo hatua inayolipa zaidi, kwa kuwa kosa la sarufi husamehewa upesi kuliko kosa la heshima.

Upande wa chini kabisa yapo maneno ya utani na ya rafiki kwa rafiki, ndugu wa "msosi". "Grub" ndilo lililoenea kuliko mengine. Limetokana na kitenzi cha kuchimba na kufukua, na pia ni jina la buu, lakini hakuna anayelifikiria buu anaposema "The grub is good here." "Chow" ni la Marekani zaidi, hasa jeshini, ambako bwalo la chakula huitwa "chow hall", lilitoka katika Kiingereza kilichochanganyika na Kichina kilichotumiwa na wafanyabiashara. "Nosh" lilitoka Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya. Kwa Waingereza ni chakula chochote, na husema "posh nosh" kwa kejeli wakimaanisha chakula cha kifahari. Kwa Wamarekani lina maana ya kutafunatafuna, yaani asusa. "Tucker" ni la Australia, na "bush tucker" ni vyakula vya porini vya wenyeji wa asili wa nchi ile. "Scran" utalisikia Scotland na kaskazini mwa Uingereza.

Ushauri wangu kuhusu kundi hili lote: yaelewe, usiyakimbilie. Simo katika lugha ya kigeni hukaa vibaya mdomoni mpaka uwe umeisikia mara nyingi kwa watu wa rika lako, mahali pale pale. "Grub" peke yake ndilo unaloweza kuthubutu mapema, tena kwa marafiki. Kwenye barua ya maombi ya kazi, hapana.

Katikati kuna maneno salama yasiyomkera yeyote: food, meal, snack, "something to eat", "a bite to eat". Hili la mwisho ni la kirafiki bila kuwa la mtaani, "Shall we grab a bite?" ni mwaliko wa kula haraka, bila sherehe.

Juu kidogo yuko "cuisine", linalotamkwa karibu na kwi-ZIIN. Ni neno la Kifaransa lenye asili moja na jiko. Maana yake si chakula bali mtindo wa upishi wa nchi, eneo au shule fulani, kwa hiyo karibu kila mara linahitaji kivumishi mbele: "Italian cuisine", "Thai cuisine", "vegetarian cuisine". "I am hungry, I want cuisine" haina maana. Kwa upishi wa mama yako tumia "my mother's cooking", lenye joto la nyumbani. Tena usimwite mama "a good cooker", kwani "cooker" ni jiko. Mpishi ni "cook", na mwenye taaluma anayesimamia jikoni la hoteli ni "chef".

"Fare" ni neno la waandishi wa magazeti na wa matangazo ya hoteli: "traditional fare", "simple fare", "festive fare". Lilianza na maana ya kusafiri, na ndiyo sababu nauli nayo ni "fare". Katika mazungumzo ya kawaida halitumiki, na anayesema "The fare was good last night" akitoka kwenye chakula cha jioni ataulizwa alipanda basi gani.

"Refreshments" ni la mialiko na ratiba za mikutano. Lisome kwa makini. "Light refreshments will be served" ni chai, soda, pengine biskuti. Aliyekwenda amefunga tumbo akitegemea mlo atajua maana ya "light".

"Board" utalikuta kwenye fomu za vyuo na hoteli. Ubao wa meza ukawa meza, meza ikawa chakula kinacholetwa juu yake. "Room and board" kwa Wamarekani, "board and lodging" kwa Waingereza, ni malazi na chakula. "Full board" ni milo mitatu, "half board" ni kifungua kinywa pamoja na mlo mmoja mkubwa, kwa kawaida wa jioni. Kabla ya kulipa, hakikisha ni ipi kati ya hizo.

"Feast" na "banquet" ni za sherehe. "Feast" ni karamu ya kula mkashiba, nyumbani au kijijini, na pia sikukuu ya dini. "Banquet" ni dhifa, yenye meza zilizopangwa, hotuba na wageni rasmi; rais anapomkaribisha mgeni wa nchi ni "state banquet". "Delicacy" ni kimoja kati ya mapochopocho, kitu adimu kinachothaminiwa mahali fulani hata kama wengine hawakiwezi. Mkeo au mumeo akikuletea keki si "delicacy", ni "treat".

Juu kabisa, penye vumbi, wamo "sustenance", "victuals", "viands" na "comestibles". "Sustenance" bado lina uhai: ni riziki, kile kinachomfanya mtu aendelee kuishi, na linafaa kwenye maandishi mazito kama "Thousands of families depend on the lake for their sustenance." Wale watatu wengine waachie riwaya za zamani na utani. Ukilazimika kusoma "victuals" kwa sauti, sema vitolz. Neno liliingia kutoka Kifaransa bila c. Wasomi baadaye wakairudisha herufi ili lifanane na Kilatini, na midomo ya watu ikakataa kufuata. Matokeo yake ni tahajia inayosema kitu kimoja na matamshi yanayosema kingine.

Hatua ya 6: Jihadhari na majina ya milo

"Breakfast" na "lunch" hazina ugomvi. Ugomvi uko kwa "dinner", "supper" na "tea". Kwa wengi leo "dinner" ni mlo wa jioni, lakini kaskazini mwa Uingereza bado kuna watu wanaoita hivyo mlo wa mchana, na ule wa jioni wanauita "tea". Kwa hiyo "Come for tea" inaweza kuwa kikombe na biskuti saa kumi, au mlo kamili saa kumi na mbili. "Supper" mahali pengine ni mlo wa jioni wa kifamilia, mahali pengine ni kitu chepesi kabla ya kulala. Ukialikwa, uliza saa. Hakuna atakayeona umekosa adabu.

Kisarufi, majina haya hayataki "a" yakiwa peke yake: "I had breakfast", "before lunch". Yakipata kivumishi yanaitaka: "a big breakfast", "a late lunch". Na kitenzi chake cha kawaida ni "have". "Take breakfast" hueleweka, ila kwa masikio ya leo lina sauti ya zamani.

Hatua ya 7: Angalia jirani zake

Neno likishapita maswali yote hayo, litafute katika kamusi ya wanafunzi inayotoa sentensi za mfano, uone linaandamana na nani. "Meal" hupenda hearty, light, heavy, square, three-course. "Square meal" ni mlo wa kutosha na wenye lishe. Hadithi kwamba ilitokana na sahani za mraba za mabaharia haina ushahidi, ni msemo wa Kimarekani wa karne ya 19. "Dish" hupenda main, side, signature, national. "Food" hupenda fresh, fast, junk, comfort, street. "Junk meal" na "signature food" hueleweka, ila mzawa wa lugha atakunja uso. Na chakula kitamu mno ni "absolutely delicious"; "very delicious" huandikwa na wageni kuliko wenyeji, kwa kuwa "delicious" tayari limekwisha kuwa na "sana" ndani yake.

Sasa jaribu. Tangazo la hoteli limeandikwa hivi:

"Our hotel has good food. The food is cooked by a chef who knows food from Italy. Guests who pay for all food eat three times a day, and there is light food during meetings. Our fresh food comes from nearby farms."

Ukipitisha maswali, linaweza kuwa hivi:

"Our hotel serves excellent food. Our chef specialises in Italian cuisine. Guests on full board enjoy three meals a day, and light refreshments are available during meetings. Our fresh produce comes from nearby farms."

Tazama kwamba "food" la kwanza limeachwa palepale, na maneno manne mapya yameingia kwa sababu kila moja linasema jambo ambalo "food" lilikuwa halisemi: mtindo wa upishi, mkataba wa malipo, vitafunio vya mkutano, mazao mabichi. Kama tangazo lingekuwa linasema jambo lilelile mara nne, dawa yake ingekuwa kufuta sentensi tatu.